Tega Njia, Usitege Mnyama: Kuchagua Mtego wa Ndezi Kando ya Lufira

Bua la muhindi lililokatwa na ndezi hujitambulisha lenyewe. Upepo huvunja na nguruwe huponda, lakini ndezi hukata. Hukata chini, karibu na udongo, kwa mshazari, safi kama limepitiwa na panga lililonolewa. Kisha huligawa bua vipande vifupi, hula sehemu laini na kuacha mabaki yamelala pamoja. Mwezi wa tatu, mahindi yakikaribia kukomaa, nilisimama katika shamba la mzee mmoja upande wa Kapolowe, kwenye njia ya kutoka Likasi kwenda Lubumbashi. Mistari miwili ilikuwa imelala chini. Ilikuwa kazi ya usiku mmoja.

Mkononi mzee alikuwa na waya wa breki ya baiskeli. Chini ya mwembe lilikuwepo sanduku la mbao ambalo fundi alikuwa amelimaliza juzi yake. Mzee alikuwa bado anapima kipi kitangulie shambani. Uchambuzi huu unafuata hesabu yake, kwa kuwa kila mkulima wa bonde la Lufira huifanya, na wengi huifanya kwa haraka. Mtego unaofaa huamuliwa na mambo matatu: mwili wa mnyama, njia anayopita, na unachotaka kumfanyia ukishamnasa. Bei ya waya huja baada ya hayo.

Mnyama mwenyewe

Ndezi ni panya wa matete. Mkubwa hufikia kilo nne hadi sita, na dume aliyenenepa huzidi hapo. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya chungwa, na ya juu yana mifereji mitatu. Hukata muwa bila shida. Hutembea zaidi usiku. Hachimbi sana, bali hulala katika majani mazito na kupita humo kwa vijia alivyovilaza mwenyewe, vyembamba kama mifereji ndani ya nyasi. Akishtuka hukimbilia maji, maana ni mwogeleaji hodari.

Kuna mambo mawili ya mwili wake ambayo mtegaji asiyeyajua hupoteza mnyama. Kwanza, shingo yake ni nene, karibu sawa na kichwa. Pili, ngozi yake huchanika kwa urahisi na mkia wake hukatika upesi. Ukimshika mkia, utabaki na mkia.

Wasomaji waliosoma habari za Kanada na Marekani watamkumbuka biva, panya mkubwa wa majini anayejenga bwawa kwa miti na matope. Sisi hatuna biva. Kwetu bwawa lilijengwa na watu: mwaka 1930 lilikamilika la Mwadingusha kwenye mto Lufira, ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Nyuma yake likatanda ziwa Tshangalele pamoja na vinamasi na matete yake. Biva hujijengea makao. Ndezi alikuta ametengenezewa, na mashamba ya mahindi na miwa yamepandwa ukingoni.

Tanzi la waya

Mtego wa kwanza ambao kila kijana wa bonde hili hujifunza ni tanzi. Ni rahisi, ni jepesi, na mtu mmoja huweza kutega mengi kabla jua halijazama. Waya hufungwa kitanzi kinachojikaza, huning'inizwa juu ya kijia, na mwisho wake hufungwa kwenye mti uliopindwa. Ndezi akigusa kijiti, mti unafyatuka na kumnyanyua.

Hapa mji wa shaba kama Likasi humdanganya mtegaji. Waya wa shaba unapatikana, unapindika vizuri, na huvutia macho. Lakini shaba ni laini. Hubaki na umbo la kila mkunjo, na ikisokotwa mara chache mahali pamoja inakatika. Sungura mdogo inaweza kumshika. Ndezi wa kilo tano anayejizungusha kwa nguvu zake zote ataikata kwa kusokota au kwa meno. Ndiyo maana mzee wangu alishika waya wa breki: nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, zinazorudi zilivyokuwa baada ya kupindwa.

Hata hivyo chuma kizuri hakiondoi kasoro ya tanzi lenyewe. Kwa shingo nene namna ile, kitanzi kikiwa kikubwa kidogo mnyama hupita nacho hadi tumboni, na hapo hafi upesi. Atajivuta usiku kucha, ngozi ichanike, nyama iharibike, nawe asubuhi ukute waya mtupu wenye manyoya. Tanzi pia halichagui. Kijia cha ndezi hupitwa na nsya, na sungura, na mbwa wa jirani. Tanzi lililosahauliwa huendelea kuua baada ya mwenyewe kuvuna na kurudi mjini. Hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote.

Shimo, gogo na tego la chuma

Shimo ni la zamani na linafanya kazi, hasa likichimbwa kwenye mwanya wa uzio. Katika dambo, yaani bonde la nyasi linalotuamisha maji, lina adui mmoja: maji. Mwezi wa pili ukichimba kina cha goti tayari unachota. Tena shimo lililofunikwa kwa nyasi halimjui mama anayepita na mtoto mgongoni. Gogo la kuangusha huua haraka likipata kichwa, lakini linahitaji mkono wa fundi na kila mvua hulegeza kijiti chake. Haya mawili nayapita.

Tego la chuma lenye taya linataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu huliona kama maendeleo. Mmarekani Sewell Newhouse alianza kuyatengeneza mwaka 1823 katika jimbo la New York, na kwa miongo mingi matego ya namna hiyo yalibeba biashara ya ngozi za biva. Tego la aina hii hushika mguu. Watega biva waliliweka majini ili mnyama aliyenaswa azame. Lakini biva huweza kukaa chini ya maji dakika kama kumi na tano, na hilo lilichochea ubishi kuhusu ukatili. Katikati ya karne iliyopita Frank Conibear wa Kanada alileta mtego wa fremu mbili za chuma, unaobana shingo au kifua kwa nguvu ya springi ili mnyama afe upesi. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku matego ya kushika mguu katika nchi zake.

Funzo la historia hiyo kwetu ni hili: baadhi ya waliotega kwa vizazi vingi walihama kutoka kushika mguu kwenda kuua upesi au kunasa hai. Hatuna sababu ya kuanza pale walipopaacha. Mguu wa ndezi ni mwembamba. Taya za chuma huuvunja na mnyama hukimbilia majini na jeraha lake. Mtego wa fremu wenye ukubwa wa kumtosha biva nao ukitegwa nchi kavu, penye watoto na mbwa, ni hatari tupu. Unafaa majini, na ndezi hupita zaidi katika nyasi.

Moto hata si mtego. Kuchoma dambo mwezi wa nane ili kuwafukuza ndezi waingie kwenye virungu hutoa nyama ya siku moja na kuacha udongo mtupu kabla ya mvua.

Sanduku na uzio

Lilibaki sanduku. Lilikuwa na urefu wa kama mita moja, upana na kimo cha kutosha mnyama apite bila kugeuka. Milango yake miwili, ya mbele na ya nyuma, ilikuwa ya kushuka. Katikati chini kulikuwa na kibao cha kukanyaga, kimeunganishwa na kamba hadi kwenye vishikizo vya milango. Pembe zote za ndani zilikuwa zimefunikwa kwa bati la pipa kuukuu la mafuta, kwa sababu mbao peke yake kwa meno yale ni chakula. Misumari ilikuwa imepigwa kutoka ndani kwenda nje na ncha zake kukunjwa, ili pasiwe na kitu cha kuchana ngozi.

Nilimuuliza kwa nini milango miwili. Alichutama, akanionyesha kijia kwa kidole, akasema: “Mutoto, usitege nyama. Utege njia.” Ndezi akiona mwanga upande wa pili huamini kuwa ni njia yake ile ile. Akiona giza anasimama na kunusa.

Uzio aliuiga kwa wavuvi wa ziwa. Mvuvi hafuati samaki. Hujenga ukuta wa matete na kuacha mwanya, na kwenye mwanya huweka mgono. Mzee alifanya hivyo hivyo nchi kavu. Alisimamisha uzio mfupi wa matete upande wa shamba unaotazama maji, akaacha nafasi pale tu ambapo vijia vilikuwepo, na kwenye nafasi moja akaweka sanduku. Hakukata kijia kipya. Hakufyeka majani ya pembeni. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu aliifunga milango kwa kamba ikae juu, ndezi wapite ndani ya sanduku na kulizoea. Usiku wa nne ndipo akalitega.

Chambo nacho kina majira yake. Wakati wa mvua kila kitu ni kibichi, na muhindi ndani ya sanduku haushindani na muhindi ulio shambani. Hapo njia ndiyo inayotega. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, nyasi zikikauka, kipande cha muwa au muhogo kinavuta kutoka mbali. Mtu anayesema sanduku halifai mara nyingi alilitega kwa chambo wakati wa mvua, tena mahali pasipo na kijia.

Gharama yake ni ya kweli. Kwa bei ya sanduku moja utapata matanzi mengi, na sanduku hunasa mmoja kwa usiku. Linataka pia nidhamu: kulikagua alfajiri kabla ya jua kali, na kabla ya siafu kumfikia mnyama asiyeweza kukimbia. Lakini mkaguzi hukuta mnyama mzima. Akiwa ni nsya mdogo au paka wa nyumbani, humfungulia mlango aende. Akiwa ni ndezi, huweka mdomo wa gunia kwenye mlango na kumwacha aingie mwenyewe, bila kumgusa mkia.

Mnyama hai hufungua mlango wa tatu ambao tanzi haliujui: ufugaji. Benini ilianza kazi ya kumfuga ndezi kwa mpango maalumu katika miaka ya 1980, na leo anafugwa katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi. Jike hubeba mimba miezi mitano hivi na mara nyingi huzaa kama wanne. Jike aliyenaswa bila jeraha ni mwanzo wa mradi. Aliyetoka kwenye tanzi ni kitoweo cha bukari, ugali wetu, ya jioni moja.

Mahali na mikono

Mtego bora uliotegwa mahali pabaya huleta nyama mbaya. Maji machafu ya viwanda vya Likasi huishia Lufira. Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven uliotolewa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Ndezi hula majani yaliyomea kwenye udongo huo. Kwa hiyo usitege chini ya mfereji wa kiwanda, hata kama vijia ni vingi.

Vaa glavu unapochinja na unapochuna. Usiokote mnyama uliyemkuta amekufa. Mgonjwa wa kwanza wa mpox aliyejulikana duniani alipatikana nchini mwetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1970, na panya wa porini wamo katika orodha ya wanaoshukiwa kuubeba ugonjwa huo. Na kabla ya yote uliza ofisi ya mazingira ya eneo lako: sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inaweka masharti ya zana, majira na maeneo, na kulinda mahindi hakukupi ruhusa ya kutega ndani ya hifadhi.

Hukumu

Kwa mkulima anayelinda shamba kando ya maji, uzio mfupi na sanduku la milango miwili vinashinda. Tanzi la waya wa breki linabaki kwa mtu mwenye ruhusa, anayeyajua matanzi yake kwa hesabu, anayeyakagua kila alfajiri na kuyang'oa yote siku ya mavuno. Shaba iache kwenye nyaya za umeme. Tego la chuma lenye taya lisiingie shambani kabisa.

Mzee alitundika waya wake ukutani na kubeba sanduku. Nawe unayelima bonde hili, kabla ya kununua chochote, ingia kwenye matete mchana, piga magoti, utafute kijia. Ukikipata, kazi ya kuchagua mtego imekaribia kwisha. Usipokipata, hakuna mtego utakaokusaidia.