Dhana za Msingi za Fasihi kama Maswali ya Usomaji: Simulizi ya Milansi na Mwanafunzi wa Kabwe, Rukwa

Utangulizi

Ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari nchini Tanzania umejengwa juu ya mgawanyo wa fani na maudhui. Chini ya fani huorodheshwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chini ya maudhui huorodheshwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Mgawanyo huu umewapa mwalimu, mwanafunzi na mtahini lugha moja ya kuzungumzia kazi ya fasihi. Hata hivyo, udhaifu wake hujitokeza wakati wa marudio: istilahi hukaririwa kama fasili, huku stadi ya kusoma ikichukuliwa kuwa mwanafunzi anayo tayari. Sehemu hii inashikilia hoja kwamba dhana ya msingi ina thamani pale inapogeuzwa kuwa swali ambalo jibu lake hutafutwa ndani ya matini. Hoja hiyo inapimwa kwa simulizi moja ya Ufipa, kwa kumzingatia mwanafunzi wa Kabwe, kijiji cha uvuvi na bandari kilicho kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi.

Orodha na usomaji

Uhusiano wa fani na maudhui umefafanuliwa kwa tamathali mbalimbali. Tamathali ya kikombe na kinywaji kilichomo huruhusu kimoja kuondolewa na kingine kikabaki. Tamathali ya pande mbili za sarafu hukataza utengano huo. Wahakiki wengi huikubali ya pili, lakini mazoea ya darasani hufuata ya kwanza. Mitihani ambayo mara nyingi hudai hoja kadhaa kutoka kila kitabu teule huyaimarisha mazoea hayo, kwani mwanafunzi huweza kuandika kuhusu “nafasi ya mwanamke” bila kurejea tukio hata moja kwa makini. Dhamira hutangulia na matini hufuata kama ushahidi wa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Simulizi ya Milansi

Milansi ni makao ya kale ya utawala katika nyanda za juu za Ufipa. Masimulizi yake yana matoleo yanayotofautiana, na hapa unatolewa muhtasari tu. Ntatakwa, mtawala wa Milansi, anawaona wageni wakija kwa mbali. Anamwonya mwanamke anayebaki nyumbani asiwape wageni hao kigoda cha utawala, kisha anaondoka kwenda kuwinda. Wageni, wanawake watatu, wanafika na kukidai kigoda. Mwenyeji anasita, hatimaye anakitoa, na mkuu wao anakikalia. Ntatakwa anaporudi anakuta mambo yamekwisha kubadilika. Utawala wa nchi unakwenda kwa ukoo wa Watwa, nayo Milansi inabaki na heshima yake ya kimila.

Msomaji aliyezoea orodha atatoa hukumu upesi: mwanamke amechorwa kama msaliti au mtu dhaifu. Hukumu hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu huenda fanani fulani aliikusudia. Tatizo ni kwamba imefikiwa kabla ya kusoma. Dhana zilezile za msingi, zikigeuzwa kuwa maswali, huifanya iwe ngumu kuitetea.

Swali la muundo ni hili: nini kinatangulia nini? Ntatakwa anawaona wageni kabla ya kuondoka. Hatari inajulikana, na mwenye mamlaka anaiacha mlangoni kwake. Swali la mandhari ni hili: tukio kuu linatokea wapi? Linatokea nyumbani, mahali ambapo desturi humtaka mwenyeji ampe mgeni pa kukaa. Kwa hiyo kigoda ni kiti na ni mamlaka kwa wakati mmoja, na katazo la mtawala linagongana na wajibu wa ukarimu. Swali la mhusika ni hili: anayetenda ana uwezo gani? Mwanamke amepewa jukumu la kulinda mamlaka asiyokuwa nayo. Mwisho ni swali la fanani na hadhira. Mulokozi (1989) alipoainisha tanzu za fasihi simulizi aliutilia mkazo muktadha wa utendaji. Kwa msingi huo, simulizi hii haiwezi kuwa na uzito uleule ikisimuliwa na mtu wa Milansi na ikisimuliwa na mtu wa ukoo wa Watwa. Baada ya maswali haya ndipo dhamira hutajwa, na inayojitokeza ni mgawanyo wa lawama pale mamlaka yanapomkimbia mwenyewe, au mwenyewe anapoyakimbia.

Uhakiki wa tafsiri iliyopo

Roy Willis, katika makala yake ya 1967 kuhusu kichwa na kiuno, aliifasiri simulizi hii kwa mkabala wa kimuundo: Milansi ni kichwa kilichotulia, nao Watwa ni kiuno chenye mwendo. Ubora wa tafsiri hiyo ni kuonesha kwamba pande mbili zinahitajiana. Upungufu wake ni kwamba jozi za ukinzani zikishapangwa, kusita kwa mwenyeji mbele ya kigoda hupungua uzito, ilhali hapo ndipo taharuki yote ilipo. Orodha ya mtaalamu inaweza kuifunika matini kama inavyoifunika orodha ya darasani. Aidha, tafsiri hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi wa Rukwa ambaye simulizi ni ya mkoa wake hawezi kuifikia kwa urahisi ili aipinge.

Mwanafunzi wa Kabwe

Kabwe iko chini ya nyanda hizo, ziwani, na si kila mkazi wake ni Mfipa. Mwanafunzi wake anaweza kuisoma simulizi hii akiwa upande wa mwenyeji, na mwenzake wa dawati moja akawa upande wa wageni. Tofauti hiyo ni nyenzo ya kufundishia. Kila mmoja atatakiwa kuonesha tukio linalomfanya asome hivyo, na yule asiye na tukio atabaki na maoni tu.

Inaweza kudaiwa kwamba muda wa marudio hautoshi kwa usomaji wa namna hii. Dai hilo lina uzito, lakini halihalalishi mpangilio wa sasa. Matini fupi ya aya moja, ikisomwa mara mbili na kuulizwa maswali manne, haihitaji muda mrefu kuliko kunakili fasili za istilahi zilezile. Istilahi haipotei, inakuja baada ya tukio linaloihitaji. Msichana anayesoma simulizi ya Milansi kwa njia hiyo hatalazimika kuandika kwamba mwanamke ni msaliti kwa sababu tu orodha ina nafasi ya hoja hiyo. Akiamua kuiandika, atakuwa ameithibitisha kutoka katika matini.