Mwandika Majina wa Kibirizi

Ukitaja vijana wasanii wa Kigoma, mawazo ya watu huenda moja kwa moja kwenye muziki. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, na sifa ya waimbaji imetukaa. Ni sifa ya haki. Mimi hapa nataka kumsifu kijana wa sanaa nyingine, anayeshinda mwaloni Kibirizi na brashi zake, makopo ya rangi ya mafuta na uzi uliopakwa chaki. Anaandika majina kwenye mitumbwi.

Kazi hiyo peke yake haimtoshi kula. Asubuhi mitumbwi ya dagaa ikirudi kutoka ziwani, anabeba mabeseni kupeleka kwenye vichanja. Siku nyingine yuko Ujiji, anaandika bei ukutani kwa kinyozi, au yuko Mwanga anachora ramani ya Afrika kwenye ukuta wa shule ya msingi. Anatengeneza kadi za harusi kwa simu. Anachapa fulana za mashabiki wa timu ya Mashujaa. Mafundi wa mitumbwi wakikosa mtu wa kushika ubao, wanamwita yeye. Kuna wanaosema anatangatanga. Wangesimama nyuma yake akiwa kazini wasingesema hivyo, maana ukuta wa kinyozi ndio uliomfundisha kupanga nafasi, na kwa mafundi ndiko alikojifunza tabia ya ubao.

Ubao una masharti. Mtumbwi ukishinda majini mbao hunywa maji, na rangi ikipakwa juu yake hufanya malengelenge na kubanduka. Kwa hiyo anasubiri mtumbwi upandishwe mchangani kwa matengenezo. Hapo fundi anaziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, anaishindilia kwa nyundo na patasi butu mpaka ikaze. Mawese hayo ni riziki ya mtumbwi na adui wa rangi, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta. Kijana wetu anapitisha kidole kwenye kila kiungo kuona kama kinateleza. Penye mafuta anafuta kwa kitambaa chenye petroli, anasugua kwa msasa, anafuta tena. Naweza kusema nusu ya kazi yake hufanyika kabla brashi haijatoka mfukoni, na ndiyo nusu ambayo mwenye mtumbwi haioni wala hailipii.

Kisha anavuta uzi wa chaki. Mtumbwi ukiwa nchi kavu hulala upande, kwa hiyo ardhi haimwambii chochote kuhusu mstari ulionyooka. Anafuata mkunjo wa ubao wa juu, ule unaopanda kuelekea omo. Siku moja nilimsikia mzee mwenye mtumbwi akiuliza, "Fundi, mbona herufi zinapanda mlima?" Akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, zitakaa sawa chombo kikiingia majini." Mzee akainama, akageuza shingo kuulinganisha mtumbwi na mteremko wa mchanga, akanyamaza akamwachia aendelee.

Jina lilikuwa SUBIRA. Asiyejua angegawa nafasi sita zilizo sawa, na jina lingeharibika. I inataka nafasi ndogo. A inaacha pengo kubwa juu kwa sababu ya mabega yake yaliyoporomoka, kwa hiyo lazima isogezwe karibu na R. Tumbo la chini la B linakuwa kubwa kidogo kuliko la juu, vinginevyo herufi inaonekana kama inataka kupinduka. S inavuka mstari wa chaki juu na chini kwa upana wa uzi tu, kwa kuwa herufi ya mviringo ikiishia pale pale inapoishia I, jicho huiona fupi. Hakuna aliyemfundisha haya darasani. Aliyapata kwa kuandika, kurudi nyuma hatua kadhaa, kutazama, na kufuta.

Halafu kuna upande wa pili. Kushoto mwa mtumbwi jina huanzia omo na kurudi nyuma, basi S ndiyo iliyo karibu na ncha. Kulia mambo hugeuka: jina huishia omo, na A ndiyo inayokaa nchani. Ukianza na S kwa kukisia, A itakosa nafasi au itabaki mbali na ncha. Kwa hiyo upande wa kulia anapima kinyumenyume, kutoka A hadi S, anaweka alama ndogo za chaki, ndipo anaandika kwa mwelekeo wa kawaida. Pande zote mbili zilipokamilika nilizunguka mtumbwi mara kadhaa nikitafuta tofauti. Sikuiona.

Rangi yenyewe ni ile ya mafuta, ya dukani, na ina historia katika nchi hii. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka kusini kwenda Tanga na baadaye Dar es Salaam, alipita kwenye vibarua vingi kabla ya kuanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichorea rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Alikufa mwaka 1972, na mtindo alioacha unabeba jina lake hadi leo.

Na Kigoma inajua uzito wa jina la chombo. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mdomoni mwa Mto Malagarasi Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, mitumbwi ilipanda mchangani na kukauka vizuri. Kwa mwandika majina hiyo ingekuwa neema, ila mifuko ya wenye mitumbwi nayo ilikauka. Aliandika kwa ahadi ya kulipwa dagaa wakirudi. Siku za kukosa kabisa kazi alizitumia kwenye mradi wake mwenyewe: anapiga picha majina ya mwaloni kabla hayajapakwa rangi upya, anachukua herufi zake moja moja, anazichora kwenye daftari la hesabu, kisha anaziingiza kwenye simu ili siku moja ziwe fonti ambayo mtu yeyote anaweza kuandikia.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amekwama kwenye Q na X. Mitumbwi ya Kibirizi haizitumii, kwa hiyo mkono wake hauna kumbukumbu nazo. Q ameitoa kwenye O kwa kuiongezea mkia wa R, na inapendeza. X ameichora ukurasa mzima na bado anaifuta, kwa sababu mistari miwili ikikatana katikati kabisa, anasema, sehemu ya juu inaonekana nzito.