Mtoto wa Tatu Aliishi: Mwanafunzi Mzazi katika Fasihi na Chuoni

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na swali la semina. Muhula uliopita tulikuwa tukijadili Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), na kiongozi wa semina akauliza swali ambalo kila mmoja wetu amelijibu tangu sekondari: mwandishi anatufundisha nini? Mwenzetu mmoja akajibu bila kusita kwamba msichana asiyejitunza mwisho wake ndio huo. Darasa likacheka kidogo, likaandika, likaendelea. Mimi sikucheka. Siku hiyo mwanangu alikuwa na miezi mitano, yuko Ndanda kwa bibi yangu mzaa mama, nami nimekaa kiti cha nyuma, kipande cha kanga nimekikunja ndani ya blauzi kwa sababu maziwa yalikuwa yanatoka.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nahakiki nikiwa nimesimama wapi. Tumefundishwa kwamba mhakiki asijiingize katika kazi. Sawa. Lakini yule aliyejibu naye alijiingiza, ila hakuna aliyemwambia.

Hoja yangu ni moja. Fasihi tunayosoma imezoea kumaliza mapema mno hadithi ya mwanafunzi mwenye mimba, na chuo nacho kinamhudumia mwanafunzi huyo kana kwamba hadithi yake imekwisha.

Rosa na Suzi

Tuanze na vitabu tunavyovijua. Rosa analelewa Ukerewe na baba mkali, Zakaria, ambaye anadhani kumchunga binti ni kumtisha. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni, ulimwengu unamkuta hana silaha. Anapata mimba, anaitoa, na mwishowe anajiua. Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha, na ni kweli, kwamba Kezilahabi hamlaumu Rosa peke yake. Anailaumu malezi, na wanaume wazima waliomtumia. Kitabu chenyewe kiliwahi kuzuiwa mashuleni, baadaye kikaruhusiwa na kikawa cha kusomwa darasani. Ukilifikiria jambo hili utaona ajabu yake: shule zilikifukuza kitabu kama zilivyokuwa zikiwafukuza wasichana wenyewe.

Halafu ipo Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Suzi, mwanafunzi, anaishia na mimba na virusi vya UKIMWI. Dhamira yake ni kuwahimiza wazazi wazungumze na watoto wao mapema, na kwa dhamira hiyo imefaulu. Lakini hebu jiulize: Suzi akijifungua, Jumatatu asubuhi nani atakaa na mtoto? Hapo pazia limekwisha kushuka.

Siwalaumu watunzi. Tanzia ina haki yake, na Kezilahabi hakuwa na deni la kutuandikia kitabu kingine. Tatizo ni kwamba katika vitabu nilivyopangiwa kusoma, tangu kidato cha kwanza hadi leo, sijakutana na mwanafunzi mama anayerudi darasani akiwa mhusika mkuu. Mimba ni tamati. Haijawahi kuwa sura ya kwanza.

Maisha yenyewe yamewatangulia watunzi. Kenya ilianza kuruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni mwaka 1994. Kwetu, Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba sasa watarudi, na waraka ukafuata. Kwa hiyo Suzi wa leo anaweza kurudi. Lakini waraka ule unahusu shule za msingi na sekondari. Chuo kikuu hakimfukuzi mtu mzima kwa sababu ya mimba, na kwa kuwa hakimfukuzi, kinaona kimemaliza kazi. Jamani, kutofukuzwa si kusaidiwa.

Ngano ya mlimani

Nyumbani kwetu Ndanda ni chini ya mlima, barabarani ukienda Masasi. Juu yake ni uwanda wa Makonde, ndiko Newala, na ndiko alikozaliwa bibi. Huko ipo ngano ya asili ya Wamakonde. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika toleo lake. Bibi ana lake, na katika mambo makubwa yanakubaliana.

Palikuwa na mtu mmoja akiishi porini peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga kinyago cha mti, nacho kikageuka mwanamke. Wakaenda kukaa bondeni karibu na mto. Mwanamke akazaa, mtoto akafa. Wakahamia bonde jingine, akazaa tena, mtoto akafa. Ndipo wakapanda juu kwenye pori la mlimani, akazaa mara ya tatu, na mtoto huyo aliishi. Ndiye mwanzo wa Wamakonde.

Kwa kawaida ngano hii husomwa kama maelezo ya kwa nini watu walikaa juu palipo na shida ya maji, wakaacha mabonde yenye maji na homa. Usomaji huo ni sahihi. Mimi naongeza jambo moja. Watoto wawili wanakufa, na hakuna mahali ngano inapouliza mama alikosa nini. Hapigwi, hafukuzwi, haambiwi kwamba ni funzo kwa wengine. Wanaloliuliza kwa matendo yao ni: mahali hapa pana nini? Kisha wanahama.

Tazama tofauti. Sisi semina nzima tulimchunguza Rosa: tabia yake, udhaifu wake, mwisho wake. Ngano ya watu wasiojua kuandika ilichunguza mahali.

Msomaji atasema chuo hakiwezi kuhamia mlimani. Kweli. Lakini na mimi sikuzaa mlimani. Nilizaa Ndanda, chini kabisa, katika nchi ya chemchemi ambayo ngano ingeiogopa, na mtoto akaishi, kwa sababu Wabenedikto walipofika pale mwaka 1906 hawakuishia kujenga kanisa; baadaye ikawepo na hospitali. Kumbe mahali pabaya pana njia mbili: kuhamwa, au kurekebishwa.

Fomu ya chuo

Sasa turudi chuoni, ambako sikutaja jina wala sitataja. Niliporudi baada ya kujifungua nilikuwa nimekosa majaribio mawili. Nikapewa fomu ya kuomba kuyafanya baadaye. Fomu ilikuwa na sababu mbili za kuchagua: ugonjwa na msiba. Nikamwambia karani, dada, mimi siumwi na sijafiwa, nimezaa. Akanitazama kwa huruma akasema, “Weka ugonjwa tu, mdogo wangu.” Nikaweka.

Nilipotoka nje ndipo nikamkumbuka Rosa, nikamkumbuka Suzi. Msiba na ugonjwa. Ile fomu ilikuwa imeandikwa na mtu aliyesoma vitabu vilevile tulivyosoma sisi, na hakujua mwisho mwingine.

Linganisha na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akizaa mapacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mhadhiri wetu akijifungua leo, haki hiyo anayo. Mwanafunzi wake akijifungua leo hiyohiyo si mfanyakazi, basi ana fomu ya ugonjwa. Mkopo wake wa chakula unahesabu mdomo mmoja. Bweni haliruhusu mtoto. Ajabu ni kwamba mabweni yetu yamejaa watu waliobebana, wawili kitanda kimoja, na kila mtu anajua. Tunambeba mwanafunzi aliyekosa chumba, lakini mtoto wa miezi mitano ndiye anayevunja kanuni.

Najua nitakaloambiwa: mtoto yuko kwa bibi, tatizo liko wapi? Kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama. Hazaliwi bila kwao, na mjomba wake yupo. Hilo ni jema na ndilo lililoniokoa. Lakini tusilifanye pambo. Msimu wa korosho bibi anaokota korosho na mtoto mgongoni, kisha anampa uji kwa sababu maziwa yake nayakamulia bafuni chuoni na kuyamwaga. Chuo kinaendeshwa kwa mgongo wa kikongwe ambaye hakimlipi wala hakimjui. Na aliye na bibi mgonjwa afanyeje? Mwenzangu mmoja hakuwa na pa kumwacha mtoto. Hayupo tena darasani, na katika daftari la mahudhurio hakuna alama inayosema kwa nini.

Pingamizi la pili ni kwamba msaada utawatia wengine moyo wa kuzaa. Jibu limo ndani ya Rosa Mistika yenyewe. Rosa alilelewa kwa hofu tupu, na hofu haikumzuia. Ilimfanya tu akose mtu wa kumwambia. Mtu anayekitumia kitabu hicho kutetea vitisho amekisoma kwa miguu juu.

Hitimisho

Kwa ufupi, sidai makubwa. Fomu iwe na neno “kujifungua”. Majaribio aliyoyakosa mzazi ayafanye kwa alama zake kamili, yasihesabiwe sapu. Kiwepo chumba kimoja chenye kiti, maji na kufuli. Vyumba vichache vya chini vitengwe kwa wenye watoto wanaonyonya. Tangazo la kuanza masomo liseme wazi nani wa kuonwa, ili mwaka wa kwanza asilazimike kumlilia karani.

Kwa watunzi miongoni mwetu, nao ni wengi humu, naomba hadithi inayoanzia pale pazia linaposhukia. Isiwe ya kishujaa. Iwe tu na msichana anayesoma desa usiku huku akisubiri simu kutoka Ndanda.

Yule mwenzetu wa semina ni rafiki yangu, na hakujua. Namkaribisha ajibu katika toleo lijalo. Ila kabla hajaandika, amtafute bibi yeyote wa Newala amsimulie ile ngano, asikilize vizuri pale watoto wawili wa kwanza wanapokufa, aone kama kuna anayelaumiwa.