Anza na Jina: Kuipima Kazi ya Mkono kwenye Meza ya Marehemu ya Meksiko

Kuanzia siku za mwisho za Oktoba hadi tarehe 2 Novemba, familia nyingi za Meksiko hupanga nyumbani meza ya kuwakaribisha wafu wao. Huiita ofrenda. Huwekwa picha ya marehemu, maji, chumvi, mishumaa, mkate, maua ya cempasúchil yenye rangi kali ya chungwa, na chakula alichokipenda alipokuwa hai. Kwa desturi ya wengi, tarehe 1 ni ya watoto na tarehe 2 ni ya watu wazima. Moshi ni wa copal, utomvu wa miti ya jamii ya Bursera. Sandarusi ya pwani yetu ilipouzwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19 iliitwa copal vilevile, ingawa hutoka kwenye mti mwingine kabisa.

Maua yatanyauka na mkate utaliwa. Vinavyostahili jicho la mnunuzi makini ni vile vilivyopitia mikononi mwa fundi: karatasi za kukatwa, mafuvu ya sukari yenye majina, na upangaji wa meza yenyewe. Kuna huruma moja inayoharibu hukumu ya watu hapa. Wakiambiwa kitu kimetengenezwa kwa mkono, tena kwa ajili ya marehemu, huona aibu kukikosoa. Wanunuzi wazoefu hawana aibu hiyo, nami sina.

Kipimo changu cha kwanza ni herufi. Ua likipinda bado ni ua. Mbavu za kiunzi cha mifupa zikizidi, mtazamaji atacheka tu, maana mifupa inayochorwa kwa sikukuu hii ina mzaha tangu enzi za José Guadalupe Posada, mchongaji wa picha za magazeti ya bei rahisi aliyefariki mwaka 1913. Lakini jina la mtu halina nafasi ya kujificha. Ajuaye kusoma ataona mara moja mahali mkono ulipoyumba.

Tuanze na karatasi, kwani ndiyo yenye mengi. Huitwa papel picado, na makao yake mashuhuri ni mji wa San Salvador Huixcolotla katika jimbo la Puebla. Mwaka 1998 jimbo hilo liliitangaza kazi ya mji huo kuwa sehemu ya urithi wake wa utamaduni. Mkasi hauhusiki. Fundi hupanga bunda la karatasi za shashi, 50 au zaidi, huweka mchoro juu na bamba la risasi chini, kisha hugonga patasi kwa nyundo. Risasi ni laini, hivyo huipokea ncha bila kuifanya butu. Patasi ziko za kila namna: zilizonyooka, za mwezi mwandamo, za tundu la mviringo, nyingine nyembamba za kutengenezea macho na meno.

Karatasi za bunda moja hazitoki sawa. Patasi isiposimama wima, tundu la karatasi ya juu litakaa mahali pake na la chini litakuwa limehama kidogo, na kingo zake zitakuwa na manyoya. Kwa hiyo usiipime ile iliyotundikwa kibandani kama mfano. Omba uoneshwe ya mwisho kabisa ya bunda. Fundi aliyebobea hukupa bila kusita.

Iinue kwenye mwanga, utazame pembe. Mapigo mawili yakikutana kwenye pembe yanapaswa kukoma hapo hapo. La kwanza likipita hata kidogo, litaacha mkia, na mkia huo ndio utakaokuwa mwanzo wa mpasuko upepo ukivuma. Kisha fuata mkunjo mmoja mrefu, tuseme ukingo wa sketi ya kiunzi cha kike. Mkunjo huo ni mapigo mengi mafupi yaliyoungana. Ukiyaona maungio kidogo sana unapokaza macho, kazi ni nzuri. Ukiyaona ukiwa umbali wa hatua tatu, fundi alikuwa na haraka.

Halafu tazama vishikizi. Naviita hivyo vipande vyembamba vya karatasi vilivyoachwa ili mchoro usidondoke. Papel picado yote ni hesabu ya kilichobaki. Fundi dhaifu hutoboa sura ya fuvu, kisha akagundua kwamba pua inaning'inia, akaitia kijiti. Akaendelea hivyo hadi mchoro ukajaa vijiti visivyo na maana. Fundi hodari hukifanya kila kishikizi kuwa sehemu ya picha: shina la ua, uzi wa gitaa, ubavu, unywele. Zunguka kwa kidole kutoka kipande hadi kipande ukijiuliza, hiki kimeshikwa na nini? Ukipata jibu ambalo ni sehemu ya hadithi ya mchoro, lipa anachotaka.

Msomaji aliyezoea khanga atauelewa mpangilio wa karatasi hizi haraka: zina pindo, zina mji, na nyingi zina maneno. Tofauti ni kwamba maneno ya khanga yamelala juu ya kitambaa kizima, na haya lazima yasimame yenyewe hewani. Hapo ndipo kipimo cha herufi kinapouma. Fikiria jina ROBERTO. Herufi R, O na B zina vijumba ndani. Ukizitoboa tu, vijumba hivyo vitaanguka na utabaki na mashimo matupu. Njia ya mkato ni kupitisha kijiti cha wima katikati ya kila kijumba, kama maandishi ya stensili kwenye masanduku ya mizigo. Inasomeka, ila ni baridi. Njia ya heshima ni kugeuza kazi: kuacha herufi zenyewe ziwe karatasi na kutoboa mandhari nyuma yake kuwa wavu wa miraba midogo, ili jina lishikwe na wavu pande zote. Huo wavu sasa ndio wa kuchunguza. Miraba yake ilingane, nyuzi zake zisinenepe karibu na herufi kwa woga. Nafasi kati ya herufi nayo ipimwe kwa jicho, kwani rula itaziacha L na A zikitengana kama waliogombana. Na karatasi hizi husomwa kutoka pande mbili. Hakikisha upande wenye jina sahihi ndio utakaowaelekea wanaoingia.

Mashine? Karatasi ya leza ina ukingo laini mno, wakati mwingine wenye rangi ya kuungua, na mkunjo wake hauna maungio. Ya plastiki huvumilia mvua. Sizichukii kwa kutundikwa barabarani. Gwaride kubwa la sikukuu hii la Mexico City lenyewe lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond ya 2015, Spectre, kuonesha gwaride ambalo halikuwapo, kwa hiyo mji huo unajua kuazima. Kosa ni kuuziwa ya leza kwa bei ya patasi.

Tukija kwenye mafuvu ya sukari, jiji la Toluca ndilo lenye soko lake maarufu, Feria del Alfeñique. Fuvu la namna ya zamani hutengenezwa kwa shira ya moto inayomiminwa kwenye kalibu ya udongo. Ikishaanza kuganda ukutani mwa kalibu, iliyobaki humwagwa, na fuvu hubaki wazi ndani. Lipime uzito: likiwa zito kupita ukubwa wake, ni sukari iliyoshindiliwa au shira iliyocheleweshwa kumwagwa. Mshono wa nusu mbili za kalibu uwe umesawazishwa. Mapambo ya karatasi ya kung'aa kwenye macho ni ya kawaida, wala hayamfichui fundi. Linalomfichua ni jina la kwenye paji, linaloandikwa kwa aisingi kutoka kwenye koni ya karatasi.

Mwombe muuzaji aliandike ukiwa umesimama hapo, nawe umchagulie jina refu. Tazama mwanzo na mwisho wa kila mstari. Mkono mzuri huacha kuminya kabla mstari haujaisha, kwa hiyo hakuna tone nene mwishoni. Tazama pia kama jina limeenea kwenye paji kwa kipimo, au herufi tatu za kwanza ni kubwa na za mwisho zimebanana kwenye sikio. Mwandishi mzuri huhesabu herufi kabla ya kugusa sukari.

Jicho hili la herufi si la sokoni peke yake. Mwaka 2022 uongozi wa wilaya ya Cuauhtémoc, katikati ya Mexico City, uliamuru maandishi yaliyochorwa kwa brashi kwenye vibanda vya chakula yafutwe, pakabaki nembo ya wilaya. Wakazi walilalamika sana, na walikuwa na haki. Waandishi wa vibanda ni watu ambao mkono wao hauruhusiwi kusitasita, na anayetaka kujifunza kuhukumu jina la kwenye fuvu aanzie kwenye maandishi yao.

Kuhusu meza yenyewe nitasema machache, maana kila nyumba ina desturi yake na mgeni hana ruhusa ya kuisahihisha. Penye ushindani wa kweli wa ustadi ni Huaquechula, Puebla, ambako aliyefariki ndani ya mwaka hujengewa meza ndefu kwenda juu, ya ngazi kadhaa, iliyovikwa satini nyeupe. Pale hutazamwa mikunjo ya satini: iwe na kina sawa, na pini zisionekane. Picha ya marehemu huweza kuwekwa ikielekea kioo, mgeni aione kwa kuakisiwa tu. Kioo kikiwekwa vibaya, utauona mshumaa na usimwone mtu, na kazi yote imepotea. Popote pengine ninaangalia mambo mawili: je, picha na jina vinaonekana kabla ya mapambo, na je, karatasi ziko mbali na moto.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua karatasi ya kukatwa kwa patasi yenye jina ndani ya wavu, na uiagize mapema, kabla karakana hazijalemewa na oda za Novemba. Taja jina herufi kwa herufi, ukaliandike mwenyewe kwenye kipande cha karatasi umwachie fundi. Jina likitoka limekosewa, usilipokee hata kama wavu wake ni mzuri kuliko yote uliyowahi kuona.