Kiuno cha mwendesha bodaboda hakipimwi kwa wastani

Anayetaka kujua mtikisiko unaofika kiunoni mwa mwendesha bodaboda huweka juu ya kiti kisahani cha mpira chenye kitambuzi ndani yake. Mwendeshaji hukikalia, na mashine hurekodi mtikisiko wa pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Hadi hapo kazi ni nyepesi; ugumu uko kwenye hesabu. Njia iliyozoeleka hutafuta wastani wa mtikisiko kwa kazi ya saa 8, kisha huulinganisha na kikomo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2002, uliweka mita 0.5 kwa sekunde mraba kuwa kiwango cha kuanza kuchukua hatua, na 1.15 kuwa kisichopaswa kuvukwa. Kwa mashine inayotetema vilevile kutwa nzima, wastani unafaa. Kwa njia za murram za Kitui Kusini au zile zinazoteremka milima ya Mbooni kule Makueni, wastani huficha kile hasa kinachoumiza.

Mgongo wa mtu aliyeketi hutikisika zaidi ukipigwa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kwa sababu hiyo ndiyo kasi ambayo kiwiliwili chenyewe hupenda kutetema. Murram iliyokauka hufanya makunyanzi, mara nyingi yakiachana kwa nusu mita hadi mita moja. Pikipiki ya kilomita 18 kwa saa hukata mita 5 kila sekunde, kwa hiyo makunyanzi ya mita moja humpiga mwendeshaji mara 5 kwa sekunde, palepale penye madhara. Akiongeza mwendo hadi kilomita 54, mapigo yanakuwa 15 na kiuno kinapata nafuu. Wanaokimbiza pikipiki kwenye makunyanzi wana sababu ya kimwili, si utundu tu. Lakini kwa mwendo huo, mfereji uliochimbwa na mvua huja kama pigo moja kali. Na ikiwa nyuma kuna mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, shokomzoba zimekwisha kubonyea. Zikigota, pigo hupanda moja kwa moja hadi kitini, na kiti hakina egemeo. Linaishia kwenye pingili za chini na diski zilizo kati yake. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu: chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mfupa, na ikichanika hupona kwa shida sana.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631-1 cha 1997 chenyewe kinaonya kwamba kilele cha mtikisiko kikizidi wastani mara 9, wastani peke yake hautoshi. Hapo hutumika hesabu ya kipeo cha nne, ambamo pigo lenye nguvu maradufu huhesabiwa kuwa sawa na mapigo 16 ya kawaida. Watafiti wa Taiwan walipopima hivyo mwaka 2009, waendesha pikipiki wengi walivuka mpaka wa hatari, na hao hawakuwa kwenye murram.

Kuna watakaosema kwamba maumivu ya kiuno yanatokana na kubeba magunia, au na kuketi kutwa bila egemeo. Ni kweli vinachangia, na hakuna kipimo kinachoweza kuvitenga kabisa. Lakini diski iliyotikiswa asubuhi nzima ndiyo inayoinamishwa gunia linapopakuliwa, kwa hiyo hoja hiyo inaongeza mzigo, haiuondoi. Wengine watasema barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ina lami. Bodaboda, hata hivyo, hupata riziki yake pale matatu inapogeuza. Ushauri wa kusimama kwenye vikanyagio nao ni mzuri kwa aliye peke yake; mwenye abiria wawili nyuma hawezi kuufuata kila shimo. Kipimo cha kweli kifanywe pikipiki ikiwa imepakiwa, kwenye njia za vijijini, kwa saa ambazo mwendeshaji anafanya kazi hasa. Anayepaswa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku haachi kazi saa 8 zikitimia.