Ng'ombe Aliyekonda Bila Kutoka Bandani

Ng'ombe wa dada yangu, chotara wa Friesian anayefugwa ndani huko juu ya Tukuyu, njia ya Isongole, alizaa Septemba. Kufikia Desemba mbavu zake zilihesabika. Alikula, akacheua, hakuwa na homa, lakini maziwa yalishuka kutoka lita 11 kwa siku hadi 6. Kila aliyepita bandani alikuwa na jibu lake: ndama anamnyonya sana, kiangazi kilikuwa kirefu, kuna jicho la mtu.

Huku Rungwe ng'ombe wa maziwa ndiye ada ya shule, na samadi yake ndiyo uhai wa migomba. Kwa hiyo naeleza hatua kwa hatua jinsi chanzo kilivyopatikana, pamoja na pale tulipokosea.

Tulianza na kipimo, maana anayemwona ng'ombe kila siku hauoni mwili ukipungua. Mizani ya ng'ombe vijijini hakuna, ila mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, huenda sambamba na uzito. Utepe wa fundi cherehani huishia sentimita 150, haumfikii ng'ombe mzima. Dada akatumia kamba ya katani: anaizungusha, anafunga fundo inapokutana, kisha anaipima. Alipima asubuhi, kabla ya majani na maji, kwani ndoo mbili za maji ni kilo 40 ambazo si nyama. Fundo la kwanza lilikuwa sentimita 165. Wiki tatu baadaye, 160. Kwa ng'ombe wa umbo hilo sentimita moja ni kama kilo 5, basi kilo 25 hivi zilikuwa zimekwenda.

Hapo hoja ya ndama ikaanza kuyumba. Ni kweli ng'ombe akizaa hukonda, kwa sababu maziwa huhitaji nguvu nyingi kuliko anayoipata kwenye chakula, na mwili ndio unaolipa. Lakini katika hali hiyo maziwa huwa mengi huku mwili ukipungua, na kufikia mwezi wa tatu mwili huanza kutulia. Huyu alipoteza vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndigana kali nayo haikuingia: huja na homa na matezi yaliyovimba chini ya sikio na mbele ya bega, na huua ndani ya wiki chache. Kipimajoto kilisoma 38.6, joto la ng'ombe mzima. Tukabaki na weupe. Ukifunua kope, utando wa ndani ulikuwa umepauka, na jioni uvimbe laini ulining'inia chini ya taya. Damu ilikuwa inapotea mahali fulani.

Tulishuku minyoo, na kosa letu lilikuwa hapa. Dada alishamnywesha dawa ya minyoo ya dukani, kwa kukisia uzito. Kisha kinyesi kikapimwa mahali fulani na jibu likaja safi. Tulipouliza kilipimwa vipi, tukaelewa: kilikorogwa kwenye maji ya chumvi ili mayai yaelee. Njia hiyo hunasa mayai ya minyoo ya mviringo. Mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, huzama. Inabidi kinyesi kisafishwe kwa maji, kiachwe kitulie, yanayoelea yamwagwe, na mashapo yaliyobaki chini ndiyo yawekwe kwenye hadubini. Tuliomba kipimo hicho, na mayai ya rangi ya dhahabu yakaonekana. Hata kipimo sahihi kinaweza kukosa, kwa sababu minyoo hii hukaa mwilini wiki 10 na zaidi, ikitoboa ini na kukomaa, kabla haijataga yai la kwanza.

Swali lililonisumbua ni moja: ng'ombe asiyetoka bandani alipataje mdudu wa majini? Afisa mifugo alilijibu kwa kuuliza.

“Mama, kiangazi majani mlikata wapi?”

“Bondeni, mwanangu. Huku juu mabingobingo yalikauka.”

Yai likidondoka penye maji hutoa kijidudu, nacho huingia ndani ya konokono mdogo, huzaliana humo, kisha hutoka na kujifunika ganda juu ya shina la jani karibu na maji. Dada alikuwa akimletea ng'ombe majani hayo kichwani, mzigo kwa mzigo. Na sehemu ya samadi tulikuwa tukiipeleka kwenye bustani ya mboga kulekule bondeni, tukiwarudishia konokono mayai. Muuza nyama alituambia kwamba maini yenye mirija migumu kama bomba yanatupwa kila mara machinjioni. Hilo tungeliuliza mapema.

Dawa nayo ina siri yake. Albendazole, ile ya mara ya kwanza, huua minyoo bapa iliyokomaa tu, tena kwa kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida, na haifai kwa ng'ombe mwenye mimba changa. Triclabendazole huua hata ile michanga inayotoboa ini, miligramu 12 kwa kila kilo ya mwili. Hapo ndipo kamba ya katani ilipolipa, kwani afisa alihesabu dozi kutoka kwenye fundo. Maziwa ya siku zote alizozitaja yalimwagwa, na dada aliumia sana kuyamwaga.

Sasa majani ya bondeni hukatwa juu, mbali na maji, kisha hutandazwa kwenye kichanja hadi yakauke kabisa kwa jua, kwa kuwa vijidudu vile haviwezi kustahimili ukavu. Samadi yote inakwenda kwenye migomba ya mteremkoni. Ini lenye makovu halirudi upesi. Wiki ya sita baada ya dawa fundo lilisoma 162, maziwa lita 8, na kope zilikuwa na wekundu kidogo. Kamba imetundikwa kwenye nguzo ya banda, na Jumamosi ijayo itazungushwa tena.