"Naangalia Tu": Kazi ya Muuza Bunduki Kabla ya Fomu

Tanzania na Kenya, mtu haingii duka la silaha kupitisha muda. Kibali kinatangulia. Anayefika kaunta ameshahojiwa na wakubwa wa usalama, na karatasi zake anazo mkononi. Katika majimbo mengi ya Marekani utaratibu umegeuzwa. Mlango uko wazi, bastola zimepangwa kwenye kabati la kioo, bunduki za kuwindia zimesimamishwa ukutani nyuma ya muuzaji, na mtu anaweza kuingia, kuuliza bei, kushika, kurudisha na kwenda zake bila kutaja jina. Maswali ya serikali huja mwishoni, mteja akiwa ameshachagua.

Kwa hiyo yote yanayotokea kati ya mlango na fomu yako mikononi mwa muuzaji. Namna anavyompokea mteja anayesema "naangalia tu" huhesabiwa kuwa ni suala la adabu ya biashara, na malalamiko ya wateja wengi huishia hapo: nilipuuzwa, nilidharauliwa, walikuwa wakipiga soga na marafiki zao. Naona suala ni zito kuliko hilo. Mazungumzo hayo ya kaunta ni ukaguzi, na upo ukaguzi ambao hakuna chombo kingine kinachoweza kuufanya.

Tuanze na mikono. Muuzaji mzoefu hatoi bastola kabatini na kuipitisha hivihivi. Anaelekeza mtutu pasipo na watu, anachomoa magazini, anavuta sehemu ya juu mpaka ikwame nyuma, anachungulia chemba, na wengine huingiza ncha ya kidole kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki. Ndipo anaikabidhi, ikiwa bado wazi. Mteja anayejua hurudia ukaguzi uleule ingawa ameuona ukifanywa mbele yake. Akitaka kubonyeza kifyatulio bila risasi, anaomba ruhusa kwanza. Akitaka kujaribu shabaha, anatafuta sehemu ya ukuta isiyo na mtu. Nusu dakika hiyo humwambia muuzaji mambo mengi: huyu ameshawahi kushika silaha au ndiyo mara ya kwanza, anasikiliza akielekezwa au hasikii, ana pupa au ametulia. Mgeni anayeweka kidole kwenye kifyatulio mara tu anapopokea bastola si mtu mbaya, hajafundishwa tu. Muuzaji mzuri humrekebisha hapohapo kwa sauti ya kawaida, bila kumwaibisha mbele ya wengine, kwa sababu aliyeaibishwa hafungui kinywa tena, naye muuzaji anahitaji aendelee kuzungumza.

Sasa tazama upande wa sheria. Anayenunua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu hujaza Fomu 4473, kisha jina lake hupelekwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa rekodi ulioanza mwaka 1998 na unaoendeshwa na FBI. Jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Jibu likiwa ni kusubiri na siku 3 za kazi zikapita kimya, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha, ingawa haimlazimishi. Mfumo huu unasoma yaliyokwisha kuandikwa: hukumu, amri za mahakama, rekodi za aina hiyo. Aliyeachwa na mkewe wiki iliyopita, akapoteza kazi jana na halali usiku, hana rekodi yoyote ya hayo. Mfumo utasema endelea. Mwenye uwezo wa kusema hapana ni yule aliyesimama nyuma ya kaunta.

New Hampshire walilifahamu hili kwa uchungu. Mwaka 2009, katika muda usiofika wiki, watu 3 wasiohusiana walinunua kila mmoja silaha katika duka moja, Riley's Sport Shop la mjini Hooksett, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Duka halikuvunja sheria. Mwenye duka, Ralph Demicco, angeweza kusema hivyo na kuendelea na biashara. Badala yake alirudi nyuma kutafuta kama kulikuwa na kitu ambacho yeye na wafanyakazi wake wangeweza kukiona. Akakaa meza moja na wataalamu wa afya ya jamii, akiwemo Elaine Frank, na Catherine Barber wa Harvard, pamoja na wauzaji na wamiliki wengine wa bunduki. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa maduka ya bunduki wa kuzuia watu kujiua.

Mradi huo haukuja na sheria mpya wala mtambo. Uliandaa bango la kubandika dukani na karatasi ya mwongozo kwa wauzaji, ukiorodhesha dalili za kuangaliwa kwa mteja. Hajui bunduki na hana hamu ya kujua. Hataji matumizi yoyote: si kuwinda, si kulenga shabaha, si kujilinda. Haulizi namna ya kusafisha wala kutunza. Anasema hahitaji risasi nyingi, au kwamba silaha hatakaa nayo sana. Anagusia talaka au kufukuzwa kazi. Anakwepa macho.

Zisome tena dalili hizo, utaona karibu zote ni za kukosekana kwa kitu. Mteja wa kawaida anayeangalia tu ana maswali hadi muuzaji achoke: hii inatofautiana vipi na ile, inakula risasi gani, naifunguaje, mke wangu ataweza kuivuta? Udadisi huo, ambao wauzaji wengine huuona usumbufu, ndio unaoonyesha kwamba mtu anaifikiria kesho na keshokutwa. Mtu aliye hatarini hana kesho ya kuulizia. Lakini kukosekana kwa maswali hakuwezi kuonekana mahali ambapo hakuna anayezungumza na mteja. Muuzaji anayejibu kwa mkato, au anayewahudumia tu wanaoonekana kuwa na pesa, amejifunga macho mwenyewe. Kwake wateja wote watakuwa kimya, na ukimya wa mmoja hautamshtua.

Ndiyo maana naona dharau ya kaunta ni hatari. Chukua mfano wa wanawake, ambao wamelalamika sana. Anaingia mwanamke, anaulizwa kama anamsubiri mumewe, kisha anawekewa mbele kibastola chepesi, pengine cha waridi, kwa hoja kwamba mkono wake ni mdogo. Kimsingi ushauri huo ni mbovu hata kwa fizikia: kwa risasi ileile, silaha nyepesi hupiga teke kali zaidi kuliko nzito, na mtutu mfupi hufanya kulenga kuwe kugumu. Lakini kosa kubwa ni kwamba muuzaji ameshaamua jibu kabla ya kuuliza. Hakujua anaitaka ya nini, nani anayemtishia, nyumbani kuna watoto, ataifungia wapi. Maswali hayohayo ya mauzo mazuri ndiyo yangemwonyesha pia mtu anayemnunulia mwingine asiyeruhusiwa kumiliki silaha: mwenzake anaelekeza kwa kidole, yeye analipa na kusaini.

Ukaguzi wa namna hii una mipaka. Wengi wanaojiua kwa bunduki hutumia silaha iliyokuwa nyumbani kwa miaka. Huko New Hampshire waliokuwa wamenunua au kukodi silaha ndani ya wiki ya kifo walikuwa karibu 1 kati ya 10. Mradi ulipofuatilia baadaye, karibu nusu ya maduka yaliyotembelewa yalikuwa yameweka angalau sehemu ya vifaa vyake. Wapo wenye maduka waliohofia kuonekana wanamhukumu mteja. Hofu hiyo naielewa, ila uzito wa upande wa pili ni mkubwa: mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na 26,328 kati yao walijiua. Anayejaribu kujiua kwa bunduki mara nyingi hapati nafasi ya pili, ilhali wengi wanaonusurika kwa njia nyingine hawafi kwa kujiua baadaye. Wimbi kali la kukata tamaa mara nyingi hupita. Muuzaji anayesema "leo sikuuzii, njoo kwanza upate mafunzo kwenye uwanja wa shabaha" amemnunulia mtu siku kadhaa, na siku kadhaa zinaweza kutosha. Mwaka 2016 chama cha wafanyabiashara wa silaha cha NSSF kiliungana na taasisi ya kitaifa ya kuzuia kujiua kusambaza elimu ya aina hii nchi nzima.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni mauzo ya mtandaoni. Bunduki inayoagizwa kwa muuzaji wa jimbo jingine bado lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa karibu na mteja, fomu ijazwe na rekodi zikaguliwe. Lakini mteja huyo hakuangalia chochote kwenye kabati. Kachagua kwa simu, kalipa, na amekuja kuchukua boksi tu. Duka linapata ada ndogo na halina sababu ya kibiashara ya kumuuliza anachotaka kufanya. Huyo ndiye ningependa afunguliwe boksi palepale kaunta, aonyeshwe ukaguzi wa chemba, aulizwe ataifungia wapi, kisha muuzaji asikilize majibu yake kabla ya kuisogeza ile fomu.